Timu ya Hoki Haifukuzwi na Jua, Hufukuzwa na Pango

Usiku wa tarehe 17 Aprili 2024 Arizona Coyotes waliwafunga Edmonton Oilers mabao 5-2, katika ukumbi wa chuo kikuu mjini Tempe, jirani na Phoenix, usiofikisha viti 5,000. Kesho yake wamiliki wa timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, wakapiga kura, na wachezaji walewale wakawa wa tajiri mwingine katika mji mwingine: Salt Lake City, jimbo la Utah. Miaka 28 ya hoki ya kulipwa Arizona ikaishia hapo.

Maelezo yaliyosambaa yalikuwa mepesi: barafu na jangwa haviwezi kukaa chumba kimoja. Ni maneno matamu kuyasema, ila hayaelezi kitu. Las Vegas nayo ni jangwa, na timu yake ya Golden Knights, iliyoanza kucheza mwaka 2017, ilitwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 2023. Tampa, mji wa joto na radi, imelitwaa mwaka 2004, 2020 na 2021. Florida Panthers wamelibeba mara mbili mfululizo, 2024 na 2025. Upande wa pili, miji yenye theluji hadi magotini ndiyo iliyonyang'anywa timu miaka ya 1990: Minnesota mwaka 1993, timu ikaenda Dallas, Quebec mwaka 1995, ikaenda Denver, Winnipeg mwaka 1996, ikaenda hukohuko Arizona, mjini Phoenix, Hartford mwaka 1997, ikaenda Carolina Kaskazini.

Kinachohamisha timu ya hoki ni pango. Nani anamiliki ukumbi, nani anachukua fedha za maegesho na bia, ukumbi uko umbali gani na nyumba za wanunuzi wa tiketi, mkataba unaisha lini. Timu isiyo na nyumba yake ni mpangaji, na mpangaji hata akipendwa na mtaa mzima, hapigi msumari ukutani bila ruhusa.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam neno hoki huleta picha ya nyasi bandia na mpira mgumu. Hii ni ile nyingine, ya viatu vyenye makali ya chuma na kisahani cheusi cha mpira. Nairobi ina timu yake ya mchezo huu, Kenya Ice Lions, iliyokulia kwenye barafu ya Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ingawa kiwanja kile ni kidogo sana ukikilinganisha na vinavyozungumzwa hapa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hiyo mengine yote yanaonekana kama visa vya matajiri wanaogombana. Hadi msimu wa 2025-26 kila timu ya NHL hucheza mechi 82 za msimu wa kawaida, 41 kati ya hizo nyumbani. Katika soka la Kimarekani fedha za televisheni ya taifa hulipa mishahara yote ya wachezaji na chenji inabaki; uwanja ukiwa mtupu, tajiri bado analala usingizi. Hoki haiko hivyo. Mkataba wa televisheni wa Marekani ulioanza msimu wa 2021-22 ulitajwa kuwa wa takriban dola milioni 625 kwa mwaka, na ule wa Kanada ulioanza mwaka 2014 ulikuwa wa dola za Kanada bilioni 5.2 kwa miaka 12. Changanya, gawa kwa timu 32, kila moja inaondoka na kama dola milioni 30 za Marekani. Msimu wa 2024-25 ligi ilimtaka kila mmiliki atumie si chini ya dola milioni 65 kwa mishahara ya wachezaji peke yake, na asizidishe milioni 88. Kwa hiyo hata timu bahili kuliko zote ina shimo la milioni 35 kabla haijalipa kocha, ndege wala umeme wa kugandisha barafu. Upo mfuko ambao timu tajiri huwachangia wanyonge, lakini huo ni mkongojo, si mguu.

Shimo hilo linazibwa mlangoni na ndani ya ukumbi. Tiketi ni sehemu moja tu. Kuna vyumba vya kifahari ambavyo makampuni hukodi kwa mwaka mzima, kuna maegesho, chakula, bia, jina la kampuni juu ya paa, halafu kuna siku zaidi ya 300 za mwaka ambazo hakuna hoki na ukumbi unaweza kupokea matamasha, mieleka na mikutano. Mwenye ukumbi huvuna zote. Mpangaji huvuna alichoandikiwa kwenye mkataba.

Coyotes hawakuwahi kuwa na mkataba mzuri na nyumba nzuri kwa wakati mmoja. Walipofika kutoka Winnipeg mwaka 1996 walipokelewa katikati ya Phoenix, kwenye ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu. Kiwanja cha kikapu kina mita 28.7 kwa 15.2. Kiwanja cha barafu cha NHL kina mita 61 kwa 26, eneo zaidi ya mara tatu. Mchoraji wa ukumbi wa kikapu husogeza viti vikaribie mchezo kadiri iwezekanavyo, hasa nyuma ya magoli. Ukija kutandika barafu humo, ncha zake zinaingia chini ya viti vya juu, na aliyekaa kule haoni goli la upande wake. Viti vya namna hiyo Phoenix vilikuwa maelfu. Vikauzwa kwa bei ya kutupa, na bei ya kutupa hailipi mchezaji wa dola milioni 5.

Mpango wa kujikomboa ulikuwa kujenga Scottsdale, upande wa mashariki wa bonde la Phoenix, walikoishi watu wenye fedha na wanunuzi wengi wa tiketi. Mazungumzo yakakwama. Jiji la Glendale, magharibi kabisa, likafungua pochi: takriban dola milioni 180 za jiji zikajenga ukumbi wa watazamaji zaidi ya 17,000, uliofunguliwa Desemba 2003. Kama jengo la hoki halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa ramani. Kutoka Scottsdale hadi mlangoni ni kama kilomita 40, na mechi ya katikati ya wiki huanza saa 1 usiku. Mtu atoke kazini saa 11 jioni, avuke Phoenix nzima kwenye foleni, kisha arudi nyumbani usiku wa manane ilhali watoto wana shule kesho. Atafanya hivyo mara tano kwa msimu. Hatafanya mara 41. Tiketi ya msimu ni bidhaa ya anayekaa karibu. Anayekaa mbali hununua mechi mojamoja, tena huichagua, ya Jumamosi na dhidi ya timu kubwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoua timu, kwa sababu tiketi za msimu hulipwa kabla ya msimu na ndizo zinazopelekwa benki kuombea mkopo.

Tarehe 5 Mei 2009 mmiliki wa wakati huo, Jerry Moyes, aliipeleka timu kwenye mahakama ya ufilisi akiwa tayari na mnunuzi mkononi. Huyo alikuwa Jim Balsillie, mmoja wa wakuu wa kampuni iliyotengeneza simu za BlackBerry, na ofa yake ilikuwa dola milioni 212.5 kwa sharti kwamba timu ihamie Hamilton, Ontario. Kibiashara hakuna aliyebisha kwamba Hamilton ingejaza ukumbi. NHL ilipinga hadi dakika ya mwisho. Sababu ya kwanza ilikuwa ya mipaka: katiba ya ligi humpa kila klabu eneo lake, yaani jiji lenyewe na maili 50 kulizunguka, kama kilomita 80, na Hamilton imo ndani ya eneo la Toronto na ni jirani wa Buffalo. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kama mmiliki aliyefilisika anaweza kumuuzia yeyote ambaye ataipeleka timu popote, basi ligi haina tena mamlaka ya kuchagua washirika wake wala miji yake. Jaji Redfield Baum alikataa hoja ya kuhama, na ligi ikainunua timu yenyewe kwa dola milioni 140, chini kabisa ya ofa ya Balsillie. Wadai waliotegemea mnada wa haki wana kila sababu ya kukumbuka tofauti hiyo.

Kilichofuata ni kisa ambacho mtu yeyote aliyewahi kupanga nyumba atakicheka. Ili timu isiondoke, Glendale, jiji la watu wapatao 227,000 kwa sensa ya 2010, liliilipa ligi dola milioni 25 kwa mwaka, miaka miwili mfululizo. Mwenye nyumba anamlipa mpangaji ili akubali kukaa. Mwaka 2013 wakapatikana wamiliki wapya kwa dola milioni 170, na madiwani, kwa kura 4 dhidi ya 3, wakasaini mkataba wa miaka 15 ambao ungeigharimu Glendale dola milioni 15 kila mwaka kwa kazi ya kuendesha ukumbi. Jiji lilitarajia sehemu ya fedha hizo irudi kupitia maegesho na nyongeza kwenye kila tiketi. Haikurudi kama ilivyotarajiwa, kwa sababu ileile ya ramani: nyongeza kwenye tiketi ambayo haijauzwa ni sifuri.

Ndani ya mkataba huo kulikuwa na kifungu kimoja ambacho kilistahili kusomwa kwa sauti barazani: hasara ikifika dola milioni 50, baada ya miaka mitano timu inaweza kuondoka. Hasara ya timu huhesabiwa na timu. Aliyeandika kifungu hicho alijua anachokifanya, na aliyekisaini alikuwa amechoka. Juni 2015 madiwani wakageuka, kura 5 kwa 2, wakauvunja mkataba kwa madai kwamba ofisa wa zamani wa jiji aliyehusika nao alikwenda kuajiriwa na timu. Tangu siku hiyo Coyotes waliishi kwa mikataba mifupi, na mpangaji wa mwaka mmoja hawezi kuuza chumba cha kifahari cha miaka mitano kwa kampuni yoyote yenye mwanasheria. Agosti 2021 Glendale ikatoa notisi ya kutoongeza mkataba. Hesabu zake zilionyesha kwamba ukumbi usiofungwa na ratiba ya hoki unaweza kupokea matukio makubwa zaidi na kuleta fedha nyingi zaidi. Mpangaji aliyewahi kulipwa ili akae sasa alionekana anaziba chumba.

Hapo ndipo timu ikahamia ukumbi wa chuo, viti 4,600 kwa mechi zake, kwa ahadi kwamba ni kwa muda tu. Ahadi ilitegemea kura ya maoni ya Tempe ya tarehe 16 Mei 2023 kuhusu mradi wa dola bilioni 2.1 juu ya lililokuwa jalala la takataka. Maswali yalikuwa matatu, na wapigakura wakayakataa yote matatu. Wengi walilaumu kampeni mbovu. Mimi naona mradi ulikuwa umebebeshwa mizigo mingi kuliko hoki: nyumba za kuishi chini ya njia ya ndege za Sky Harbor, uwanja wa ndege wa Phoenix, jambo lililoifanya Phoenix kwenda mahakamani, misamaha ya kodi ya miaka mingi, na jina la timu ambayo Glendale ilishasema hadharani kwamba ilichelewesha kodi. Mtu anayetafuta nyumba mpya huku mwenye nyumba wa zamani anamdai hapewi funguo kirahisi. Mmiliki, Alex Meruelo, akageukia mnada wa ekari 110 za ardhi ya jimbo kaskazini mwa Phoenix, lakini saa ilikuwa imeshamwendea. Chama cha wachezaji kilichoka na ukumbi wa chuo, na ligi ikafanya hesabu yake yenyewe.

Namna mauzo ya Utah yalivyopangwa inafaa kusomwa polepole, maana ndiyo namna mpya ya kuhamisha timu bila kuiita kuhama. Ryan Smith, mwenye timu ya kikapu ya Utah Jazz, alilipa dola bilioni 1.2. Kati ya hizo, bilioni 1 ilimwendea Meruelo na milioni 200 zikagawanywa kwa wamiliki wenzake. Wachezaji, makocha na haki za kuchagua vijana zilihamia Utah, lakini jina la Coyotes, nembo na kumbukumbu zote zilibaki Arizona. Kwa vitabu vya ligi, Utah ni timu mpya. Meruelo alipewa miaka mitano ya kujenga ukumbi na kuifufua timu yake. Juni 2024 mnada wa ardhi ukafutwa, na ndani ya wiki chache akaachia haki hiyo. Faida ya mpangilio huu kwa ligi ni kubwa: hakuna kesi ya jiji linalodai kuibiwa timu, na Phoenix inaweza kuuzwa tena siku nyingine kwa mtu mwingine.

Kutoka kura ya Aprili hadi mechi ya kwanza ya nyumbani, tarehe 8 Oktoba 2024, Utah ikiifunga Chicago 5-2, ilikuwa chini ya miezi sita. Kwa muda huo huwezi kujenga chochote, unaweza tu kubandika viraka. Jina halikupatikana, wakacheza msimu mzima wakiitwa Utah Hockey Club hadi jina la Mammoth lilipotangazwa mwaka 2025. Kambi ya mazoezi haikuwapo, wakaazima barafu kwenye jengo la Olimpiki la mwaka 2002. Na ukumbi wenyewe, Delta Center, ulijengwa mwaka 1991 kwa ajili ya nini? Kikapu. Viti vyenye kuona kiwanja chote vilikuwa 11,131. Vilivyobaki ni vya kuona goli moja, na viliuzwa hivyohivyo, kwa bei ndogo na kwa maelezo ya wazi.

Ni ugonjwa uleule wa Phoenix ya 1996, na wenye kejeli hawakukosa kusema kwamba ligi imemtoa mgonjwa wodi moja na kumlaza nyingine ya aina hiyohiyo. Tofauti ni kwamba safari hii mgonjwa ndiye mwenye hospitali. Smith aliununua ukumbi pamoja na Jazz mwaka 2020. Fedha za bia, za maegesho na za matamasha zinaingia mfuko uleule unaolipa wachezaji wa hoki. Bunge la Utah nalo lilipitisha sheria inayoruhusu Salt Lake City kuongeza kodi ya mauzo kwa nusu asilimia, na katika makubaliano yaliyofuata hadi dola milioni 900 zimeelekezwa kwenye ukumbi na mitaa inayouzunguka. Viti vinarekebishwa majira ya kiangazi, msimu baada ya msimu, bila timu kulazimika kuhama tena. Kama sheria hiyo ilikuwa nzuri kwa mlipakodi wa Utah ni swali jingine, na jibu langu si zuri sana: mnunuzi wa mkate hatapewa hisa za timu. Lakini kama swali ni timu itabaki au haitabaki, funguo ziko mfukoni mwa mwenyewe.

Atlanta inathibitisha jambo hilo kwa upande wa giza. Jiji hilo limepoteza timu mara mbili: Flames walikwenda Calgary mwaka 1980, na Thrashers, walioanza mwaka 1999, wakaenda Winnipeg mwaka 2011. Hadithi iliyobaki ni kwamba watu wa kusini hawapendi hoki. Angalia karatasi. Mwaka 2004 kundi la washirika lilinunua kwa mpigo Thrashers, timu ya kikapu ya Hawks na haki za kuendesha ukumbi. Mwaka uliofuata washirika wakaanza kushtakiana wao kwa wao, na kesi ikawala miaka. Timu ilifika hatua ya mtoano mara moja tu, mwaka 2007, ikafungwa mechi zote nne na New York Rangers. Walipouza mwaka 2011, waliuza hoki peke yake. Kikapu na ukumbi walibaki navyo. Yaani hoki ilikuwa mpangaji ndani ya nyumba ya mmiliki wake mwenyewe, na ilipofika siku ya kupunguza wapangaji ilitolewa yenye mapato madogo. Bei ilikuwa dola milioni 170, na milioni 60 kati ya hizo zilikwenda kwa ligi kama ada ya kuhama.

Winnipeg ilipokea timu hiyo kwa shangwe ya ajabu. Tiketi za msimu 13,000, zenye masharti ya kulipia miaka mitatu hadi mitano, ziliisha ndani ya siku chache, zile za umma zikimalizika kwa dakika. Ukumbi wake ulikuwa na viti 15,000 tu, mdogo kuliko yote ya ligi wakati ule, na udogo huo ulikuwa makusudi: uhaba humfanya mtu ashikilie kiti chake. Baada ya janga la korona wateja wa tiketi za msimu wakashuka hadi chini kidogo ya 9,500, na mapema mwaka 2024 mwenyekiti wa klabu, Mark Chipman, akasema waziwazi kwamba idadi hiyo haiwezi kuibeba timu kwa muda mrefu. Magazeti yakaanza kuandika wosia. Sidhani kama yalikuwa sahihi. Winnipeg ina tatizo la kweli: inapokea dola za Kanada na kulipa wachezaji dola za Marekani, kwa hiyo kikomo cha mishahara cha milioni 88 kwake ni kama milioni 120. Makampuni makubwa ni machache, na tiketi nyingi za Winnipeg hununuliwa na familia, si na ofisi. Hata hivyo klabu inamiliki ukumbi, na mshirika mkuu, David Thomson, ni miongoni mwa matajiri wakubwa wa Kanada. Shida yake ni ya muuza duka aliyepoteza wateja, na duka ni lake.

Hapa inafaa kusema lisilosemwa sana: kitisho cha kuhama kina thamani kubwa kuliko kuhama kwenyewe. Pittsburgh Penguins, wakiwa wamewahi kufilisika mwaka 1998, walionyeshwa ukumbi mpya wa Kansas City ulioahidi pango la bure. Machi 2007 Pennsylvania ikakubali kujenga, na ukumbi ukafunguliwa mwaka 2010. Septemba 2012 mmiliki wa Edmonton, Daryl Katz, alikwenda kutembea Seattle akiongozana na Wayne Gretzky, nyota mkubwa wa zamani wa timu hiyo, watu wakawaka, akaomba radhi hadharani, na ukumbi mpya wa Edmonton ukafunguliwa mwaka 2016. Kansas City haikupata timu. Quebec nayo ilijenga ukumbi wa viti 18,259 uliofunguliwa mwaka 2015, kwa takriban dola za Kanada milioni 370, ikangoja. Bado inangoja. Kazi ya ukumbi ule katika soko la hoki ni ya kuwatisha madiwani wa miji mingine.

Na ligi haina haraka ya kuwatimizia. Mwaka 1992 timu mpya ilinunuliwa kwa dola milioni 50. Mwishoni mwa miaka ya 1990, milioni 80. Las Vegas ililipa milioni 500. Seattle, milioni 650. Kila mji unaojazwa kwa kuhamisha timu dhaifu ni mji mmoja umeondolewa kwenye orodha ya kuuzwa. Ndiyo maana wamiliki waliivumilia Arizona kwa miaka yote ile: Houston ikipewa Coyotes kwa ada ndogo, hakuna atakayelipa bei kamili ya Houston. Utah ilivunja kanuni hiyo kwa sababu bei iliyolipwa ilikuwa bei ya timu mpya, na zaidi.

Ukisikia tetesi inayofuata, anza na Ottawa uone inavyopimwa. Ukumbi wake uko Kanata, kitongoji cha magharibi, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Ramani ni ya Glendale kabisa. Desemba 2017 mmiliki wa wakati ule, Eugene Melnyk, aligusia kuhama siku moja kabla ya mechi ya sherehe iliyochezwa nje, na mashabiki wakamjibu kwa mabango barabarani. Mwaka 2023 timu iliuzwa kwa Michael Andlauer kwa takriban dola milioni 950, mauzo yakifungwa na sharti la kubaki Ottawa, na Septemba 2024 yakafikiwa makubaliano ya ardhi ya LeBreton Flats, karibu na Bunge la Kanada. Ukumbi wa Kanata ni mali ya klabu, hivyo hakuna wa kuwapa notisi wakati ujenzi unasubiriwa.

Atlanta nayo inatajwa kwa mara ya tatu. Miradi miwili iliyopigiwa debe, mmoja Alpharetta na mwingine Kaunti ya Forsyth, yote iko kaskazini mwa jiji, kwenye vitongoji ambako mashabiki wengi wa Thrashers walitokea wakipambana na foleni kushuka mjini. Safari hii ramani ya wanunuzi imesomwa kabla ya ramani ya mhandisi. Kilichobaki kuangaliwa, siku mkataba wa pango utakapowekwa mezani, ni kile kifungu ambacho Glendale ilikisaini mwaka 2013: hasara ya milioni ngapi, ndani ya miaka mingapi, na nani anashika kalamu ya kuihesabu.